Jinsi ya kuusoma mto wa kale kwenye mawe, kutoka Mazeras hadi Taru

Ukitoka Mombasa kwa barabara kuu kuelekea Voi, unapita Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi, Samburu, kisha Taru. Matabaka ya mawe ya huku yameinama kidogo kuelekea baharini, kwa hiyo kadiri unavyokwenda magharibi ndivyo unavyokanyaga yale yaliyolazwa mapema zaidi. Kwa jumla wanajiolojia huyaita mawe mchanga ya Duruma. Ya chini kabisa, upande wa Taru, yalianza kulazwa karibu miaka milioni 300 iliyopita. Ya juu, pale Mazeras, yanafika mwisho wa kipindi cha Triasiki na mwanzo wa kile cha Jurasiki, karibu miaka milioni 200 iliyopita. Karibu yote ni kazi ya mito, maziwa na mafuriko ya nchi kavu. Bahari ilikuja baadaye, na ushahidi wake ni mawe ya chokaa ya Kambe, ya Jurasiki ya kati, yenye visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, vya viumbe wa baharini.

Mimi kazi yangu ni kutafuta mahali pa kuchimba visima, hasa Kinango na Kaloleni. Watu huniuliza, "Hapa kuna maji?" Mimi kwanza hutaka kujua hapa palikuwa nini. Mchanga mnene uliolazwa na mto huweza kupitisha maji na kuyahifadhi. Tope lililotulia chini ya ziwa halipitishi, na visima vingi vilivyochimbwa kwenye mwamba tope wa Maji ya Chumvi hutoa maji yasiyonyweka. Chemchemi za Marere kwenye Vilima vya Shimba, ambazo zimeipa Mombasa maji kwa miaka mingi, zinatoka kwenye mawe mchanga ya jamii ya Mazeras. Ndiyo maana nawasihi vijana wanaofuatana nami wajifunze kusoma mazingira ya kale kabla ya kushika mashine yoyote.

Nashika sharti moja, na mengine yote yanalifuata: usiyape mazingira jina kwa kutazama jiwe moja. Kokoto zinapatikana mtoni, ufukweni, na chini ya mlima. Mchanga ndio usiseme. Kinachosema ukweli ni jinsi matabaka yanavyofuatana kwenda juu, na upande maji yalikoelekea.

Anza na mto ulio hai

Kabla ya kwenda machimboni, nenda kwenye mto wa msimu wakati wa kiangazi. Mto Voi unafaa sana. Tafuta mahali wachimba mchanga wameacha shimo lenye ukuta uliosimama wima. Usikaribie shimo refu, ukuta wa mchanga huporomoka bila kukuaga. Ukuta wa kimo cha goti unatosha kabisa. Ulainishe kwa panga au mwiko, kisha unyunyizie maji kidogo. Papo hapo utaona mistari: mingine imelala, mingine imeinama yote upande mmoja, imekatwa juu na mistari mingine inayoinama vilevile.

Mistari hiyo iliyoinama ndiyo tabaka mshazari. Ni alama ya vilima vidogo vya mchanga vilivyokuwa vikitembea chini ya maji. Mkondo hupandisha punje mgongoni mwa kilima, zikifika kileleni zinaporomoka upande wa mbele, na kila poromoko linaacha mstari mmoja. Kwa hiyo mistari huinamia kule maji yalikokuwa yakienda. Hapo Voi huna haja ya kuamini maneno ya mtu, kwa sababu unajua mto unaelekea wapi. Pima mwinamo wa mistari kwa dira na ulinganishe. Fanya hivyo mpaka jicho lizoee, kwa sababu kwenye jiwe gumu mistari hiyo imefifia na imefunikwa na kutu, vumbi na masizi ya malori.

Vifaa na ruhusa

Huhitaji vingi. Dira yenye kipima mwinamo, nyundo ya jiolojia na miwani ya kukinga macho, lenzi ya mkono ya kukuza mara kumi, futi ya mita tano, brashi ngumu, chupa ya kunyunyizia maji, daftari la karatasi za miraba, penseli. Simu itakupa GPS na picha. Mimi huongeza fimbo ya mita moja na nusu niliyoichora mistari kila sentimita kumi. Inapima unene haraka, na kwenye picha inakuwa kipimo.

Mengi ya maeneo mazuri ni machimbo ya watu. Omba ruhusa kwa mwenye shamba na kwa mzee anayesimamia, kaa naye kidogo, mweleze unachotafuta. Mafundi mawe wa Mazeras na Mariakani wanayajua matabaka kuliko wengi waliosomea. Wao huyapasua kwa tindo na mtaimbo kwa kufuata uso wa tabaka, na jiwe la Mariakani linatoka vipande bapa vya kusakafia kwa sababu lilijengwa na tabaka nyembamba zilizolala sawasawa. Siku moja mzee mmoja alinionyesha bonge alilolitupa kando. "Hili halifai, mwanangu. Njia yake imekwenda upande." Nikamwambia, "Baba, hilo ndilo ninalolitaka mimi." Lilikuwa na tabaka mshazari safi kabisa, pande tatu zote wazi.

Ukuta wa barabara nao unafaa, lakini barabara hii ina malori usiku na mchana. Vaa kizibao kinachong'aa, usisimame mahali dereva hakuoni, na kwenye mikato ya reli usiingie kabisa bila kibali.

Pima kuanzia chini kwenda juu

Chagua uso wa mwamba ulio safi na mrefu kadiri inavyowezekana. Simama mbali kwanza, chora umbo lote: wapi kuna mabonge manene, wapi kuna mashimo laini yaliyoliwa na mvua, mistari gani mikubwa inakata uso mzima. Hatua hii watu huiruka, kisha wanahangaika saa nzima na punje bila kujua wako sehemu gani ya mfereji, yaani njia ya maji ya mto wa kale.

Kisha karibia, anza chini. Kwenye daftari chora safu: upande wa kushoto unene kwa mita, na upana wa safu uwe ukubwa wa punje, yaani tope jembamba, mchanga mpana kidogo, kokoto pana zaidi. Kila mwamba unapobadilika, andika. Kwa kila tabaka mimi huandika mambo haya: msingi wake (umekata tabaka la chini au umelala tu juu yake?), ukubwa wa punje chini na juu, rangi, alama zilizomo, na visukuku. Andika unachokiona, maana yake itakuja baadaye. Ukiandika "mfereji wa mto" wakati bado unapima, jicho litaanza kutafuta mfereji hata mahali usipokuwepo.

Wanaofanya kazi hii kwa undani hutumia alama fupi zilizoenezwa na mwanajiolojia Andrew Miall tangu miaka ya 1970: herufi ya kwanza kwa ukubwa wa punje, ya pili kwa alama iliyomo. Zinaokoa muda ukiwa na mita nyingi za kupima, lakini anayeanza si lazima azikariri.

Piga picha uso mzima ukiwa na fimbo ndani ya picha. Machimbo hula ukuta kwa kasi, na uso ulioupima leo unaweza usiukute tena.

Punje zina habari ya safari

Chukua kipande kipya, kilichovunjwa sasa hivi, ukitie mate au maji, uweke lenzi jichoni na ulete jiwe mpaka lionekane wazi. Kwenye jiwe la Taru utaona kwatzi, ambayo ni kama kioo chenye ukungu, na katikati yake punje nyeupe au za waridi zenye nyuso bapa zinazomeremeta ukizigeuza juani. Hizo ni feldispa. Zitazame kingo: nyingi bado zina pembe.

Feldispa haivumilii safari ndefu wala hali ya joto yenye unyevu mwingi. Huoza ikawa udongo mfinyanzi. Ikiwa nyingi, kubwa na bado ina pembe, maana yake ilitoka karibu na ilizikwa haraka. Na chanzo chake kipo palepale magharibi: gneisi, miamba migumu ya kale yenye milia, unazozikuta ukielekea Maungu na Voi. Ukiona kipande cha gneisi kizima ndani ya jiwe la Taru, umeshika kipande cha mlima uliosagwa ukajaza bonde lililokuwa likizama mbele yake.

Hapo Taru, ukipata nafasi, tazama ngurunga, yale mashimo ya asili kwenye mwamba yanayotega maji ya mvua. Misafara iliyokuwa ikienda bara ilitegemea maji hayo kuvuka nyika. Kuta zake zimesafishwa na maji, na punje zinaonekana vizuri kuliko popote. Usizivunje; watu na mifugo bado wanayahitaji.

Mto au upepeo wa mashapo?

Korongo linapotoka mlimani ghafla na kufika tambarare, maji hupoteza nguvu, hutawanyika, na kumwaga yalichobeba kutoka mlimani. Shapo hilo hutandaa kama upepeo wa ukili, ncha yake ikiwa mdomoni mwa korongo. Mteremko wake ni mkali, kwa kawaida kati ya nyuzi 2 na 12, na mara nyingi hauendi mbali zaidi ya kilomita kumi hivi. Mito ya kawaida iko chini ya nusu ya nyuzi. Tofauti hii ya mteremko ndiyo inayoacha alama kwenye mawe.

Alama ya kwanza ninayoitafuta ni tope lililobeba mawe. Mvua kubwa ikipiga mteremko uliojaa vifusi, kinachoshuka si maji tena bali uji mzito wa tope, mchanga na mabonge. Ukisimama, unaganda ulivyo. Kwenye mwamba utaona mabonge yanaelea ndani ya tope au mchanga mchafu bila kugusana, makubwa na madogo pamoja, hayana mpangilio, na mengine yamechomoza juu ya tabaka. Msingi wake mara nyingi haukukata kitu. Umelala tu juu ya tabaka la chini.

Kokoto za maji yanayotiririka hazifanani na hizo. Zinagusana, zimechambuliwa kwa ukubwa, msingi wake umechimba, na zile bapa zimeegemeana, zote zikiinamia kule maji yalikotoka. Angalia hapo kwa makini: kokoto zilizoegemeana huinamia juu ya mto, ila tabaka mshazari huinamia chini ya mto. Ukizichanganya, mto wako wote utageuka kurudi nyuma.

Alama nyingine ya upepeo ni kupishana kwa tabaka za kokoto na mchanga, nyembamba na zilizotandaa mbali bila mfereji unaoonekana. Ni mafuriko yaliyofunika uso wote. Tena, ukitembea kilomita chache, kokoto hupungua ukubwa haraka. Na aina za mawe ni chache, zote za mlima mmoja. Mto mkubwa hukusanya mawe ya nchi nzima.

Tabaka moja la tope lenye mabonge halitoshi kutangaza upepeo, kwa maana hata ukingo wa mto unaweza kuporomoka ukaacha fujo kama hiyo. Nataka nione tabaka hizo zikijirudia, mawe yenye pembe, na mishale ya mkondo (mielekeo ya maji, namna ya kuipima inafuata hapa chini) inayotawanyika kutoka upande mmoja. Zikikutana zote tatu, naandika jina bila wasiwasi.

Mshale wa mkondo

Hiki ndicho kipimo ninachokithamini kuliko vyote, na ndicho kinachoachwa mara nyingi. Tafuta tabaka mshazari mahali uso wa mwamba umevunjika pande mbili au tatu. Uso mmoja hautoshi, kwa kuwa mistari inayoonekana imeinama nyuzi kumi inaweza kuwa kwa kweli imeinama ishirini na tano upande mwingine kabisa. Ukipata pande mbili, weka ubao mdogo au jalada la daftari sambamba na uso wa tabaka mshazari, kisha pima linainamia wapi. Kwenye zile zenye umbo la hori, kama mtumbwi uliokatwa, pima mhimili wa hori, usipime ubavu wake.

Pima nyingi. Kwa uso mmoja naridhika nikifika ishirini na zaidi. Kisha usijumlishe na kugawa kama bei za soko. Nyuzi 350 na nyuzi 10 zote ni kaskazini, lakini ukizijumlisha na kugawa kwa mbili utapata 180, yaani kusini. Tumia hesabu ya vekta, inayochukua kila kipimo kama mshale wenye mwelekeo, ambayo programu za bure kwenye simu huifanya, au chora duara na uone vipimo vimekusanyika wapi. Matabaka ya Duruma kwa kawaida yameinama nyuzi chache tu, hivyo marekebisho hayana uzito. Ila karibu na mipasuko ya ardhi, mahali mwinamo unazidi nyuzi kumi na tano hivi, lazima kwanza uyarudishe matabaka kwenye ulalo wake wa awali.

Vipimo vikikusanyika upande mmoja, na ukuta wote ni mchanga juu ya mchanga na tope kidogo sana, fikiria mto wenye mikondo mingi inayosukana na kuachana. Vikisambaa nusu duara, na kila kundi la tabaka linaanza na kokoto, linakuwa mchanga, linaishia tope lenye alama za mizizi, fikiria mto wa kupindapinda uliokuwa na uwanda mpana wa mafuriko. Mawe ya Mazeras, yenye punje kubwa na tabaka mshazari zilizopandana, kwa sehemu nyingi yanaelekea upande wa kwanza.

Kina cha maji unaweza kukikadiria pia. Pima unene wa kila seti ya tabaka mshazari, yaani fungu moja la mistari inayoinama pamoja, upate wastani. Juu ya kila seti palikatwa na kilima kilichofuata, kwa hiyo kilima chenyewe kilikuwa kirefu zaidi, wastani wa mara 2.9 hivi ya unene wa seti. Kina cha maji nacho huwa kati ya mara 6 na 10 ya kimo cha kilima. Tuseme wastani wa seti zako ni sentimita 20: kilima kilikuwa kama sentimita 58, na mto ulikuwa na kina cha mita 3.5 hadi 5.8. Ni makadirio, lakini yanatosha kukuambia kama watu wangevuka kwa miguu au la.

Usiyaruke matope

Wanafunzi hupenda ukuta mnene wa mchanga, na tope hulipita. Rudi. Nyufa za tope lililokauka zinasema maji yalikauka juani. Rangi nyekundu na vinundu vya chokaa vinasema udongo ulikaa muda mrefu bila kufunikwa, mvua zikiwa za misimu. Tope jeusi lenye kurasa nyembamba kama za msahafu, bila nyufa wala mizizi, ni maji yaliyotulia. Kwenye mwamba wa Maji ya Chumvi wamepatikana samaki wa visukuku wa mwanzo wa Triasiki, na mwamba wenyewe una kurasa hizo. Hapo palikuwa na ziwa.

Mazeras utakuta magogo yaliyogeuka jiwe, pete za mti zikiwa bado zinahesabika. Pima mwelekeo wa gogo, piga picha, andika GPS, liache hapo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inavilinda visukuku, na gogo likiondolewa mahali pake halisemi tena lilibebwa na mkondo gani.

Kuunganisha, kisha kutumia

Mwanajiolojia Johannes Walther alieleza mwaka 1894 kwamba mazingira yanayofuatana juu na chini bila kukatika ni yale yaliyokuwa jirani juu ya ardhi wakati mmoja. Kwa hiyo safu yako ni ramani iliyosimamishwa. Mfereji, ukingo, uwanda wa mafuriko, bwawa: ukivipata juu kwa juu, vilale tena chini kimawazo na uchore nchi ilivyokuwa. Kabla ya kwenda kwenye uso wa pili, andika unatarajia kukuta nini. Ukikuta vingine, badilisha mchoro, usilazimishe mawe.

Kwa kisima, mchoro huo unatumika hivi. Mchanga wa mfereji ni mrefu kwa kufuata mkondo na mwembamba kwa kukingama. Kisima cha kwanza kikipata mchanga mzuri wenye maji, na kijiji kinataka cha pili, shika mshale wa mkondo ulioupima machimboni jirani na usogee kwa kuufuata, mbele au nyuma. Ukisogea kwa kuukingama, mita mia chache tu zinaweza kukutupa kwenye tope la uwanda wa mafuriko. Na kama saruji ya asili, yaani madini yaliyoganda ndani ya jiwe, imeziba nafasi kati ya punje, hata mchanga wa mfereji hautatoa kitu. Ndiyo maana kabla ya kusema neno kwa wanakijiji mimi hudondosha tone la maji kwenye kipande kipya cha jiwe, nikatazama linazama au linabaki juu.